Fotei Isiyopaswa Kuinuliwa

Kwa nini wezi walipita mbele ya nyumba zote zenye kitu, wakaenda kwa Mwalimu?

Niliuliza hivyo asubuhi ile ile, nimesimama barabarani na kitenge cha kulalia. Mwalimu alikaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Avenyu yetu, hapa Lubumbashi, ilijengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Nyumba zimefuatana kama mabehewa, na kila mtu anajua kilichomo kwa mwenzake. Pale pembeni alikaa muuza simu mwenye jenereta na televisheni pana kama meza. Aliyemfuata alikuwa na gari. Sisi tulikuwa na ukuta ulioanguka upande mmoja, mwaliko wa wazi kwa yeyote. Mwalimu alikuwa na baiskeli, watoto wengi, na madaftari ya wanafunzi. Hata hivyo wanaume wenye silaha walitupita sisi sote, wakavunja mlango wake, wakaondoka zao.

Jambo la pili lilinisumbua zaidi. Kule Golf, mtaa wa matajiri, watu wana walinzi, mbwa, na nyaya za umeme juu ya kuta. Sisi tuna sufuria. Mwizi akiingia kwako unashika sufuria na mwiko, unapiga. Jirani akisikia anapiga yake, na wa pili yake, mpaka avenyu nzima inalia kama karakana na wanaume wanatoka na mitarimbo. Nimewahi kuona viatu vya wezi vilivyoachwa kwa sababu ya kelele hiyo. Safari ile haikulia hata sufuria moja. Tuliamka tukakuta mlango wa Mwalimu umelala chini na mwenyewe amekaa juu yake, mdomo umevimba.

"Bamekamata telefone na radio," alisema. "Lakini tuko bazima. Mungu iko."

Watu wakampa pole. Mimi nikamsogelea mke wake, mwanamke mnene mpole ambaye tangu utoto nilimwita Mama Mwalimu. "Mama, hamukupiga sufuria?"

Alinitazama kama niliyemwomba avue nguo. Kisha akaingia ndani.

Nyumbani nikamuuliza baba.

"Mwizi hana sababu," alinijibu.

"Kila mutu iko na sababu, papa."

"We, kila kitu unataka sababu. Siku moja utauliza mvua juu ya nini inaloka."

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina diploma na sina kazi, kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi wa kuuliza. Baba alikuwa amestaafu kutoka karakana za reli, ambako maisha yake yote alikuwa fundi wa chuma, mtu wa kusawazisha vipande mpaka viingiane bila kelele. Hakuwa mwoga. Nilimwona zamani akimtoa nyoka chooni kwa koleo, huku akimkemea kama mtoto mtukutu. Lakini mlango ule wa Mwalimu ulimwingia mwilini. Alianza kukagua kufuli zetu baada ya kula, kisha kabla ya kulala, kisha katikati. Gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba, kijiko chake kilisimama hewani.

Siku chache baadaye akaenda Lukafu, alikokuwa na shamba la mahindi. Akarudi juu ya lori na magunia ya makala, mkaa wa kupikia, kama kawaida. Makala yetu hukaa nyuma ya jiko. Gunia moja alilibeba mwenyewe mpaka chumbani kwake.

Mama akamfuata. "Tangu lini makala inalala mu chumba?"

Baba akavuta pazia, akaniita na mimi. Mama wa baba, Kaku wetu, aliyekaa nasi katika chumba cha nyuma, alikuwa uani akiota jua, naye hakuitwa. Baba alifungua gunia, akaingiza mkono katikati ya makala mpaka begani, akatoa kitu kirefu kilichozungushiwa nguo kuukuu.

Ilikuwa bunduki ya kuwindia, ya risasi moja, iliyofuliwa kijijini. Sijawahi kuona kitu kibaya namna ile. Mtutu ulikuwa bomba, kitako kilikuwa ubao uliochongwa kwa panga, na mahali bomba lilipoungana na chuma kingine palikuwa na uvimbe mweusi wa kulehemu, kama kovu lililooza.

"Ni ya nini?" mama aliuliza, ingawa alikuwa ameshaona.

"Ya kutulinda."

"Uliuziwa na nani?"

"Muwindaji mumoja wa kule. Mutu muzuri."

"Mutu muzuri anauzisha bunduki?"

Baba alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya ule uvimbe, na niliona fundi ndani yake akiamka kinyume na hiari yake. "Ule aliyelehemu hii," alisema taratibu, "ningekuwa shefu yake ningemufukuza kazi." Akacheka. Sisi hatukucheka.

"Na ikipasukia wewe mu uso?" niliuliza.

"Haitapasuka, juu haitapigwa. Mwizi akiona tu, anakimbia."

"Ataionea wapi? Ukiificha, hakuna mwenye ataogopa. Ukiionyesha, unafungwa. Sasa itatulinda saa ngapi?"

Baba akamgeukia mama. "Unaona? Nilimusomesha ili anisumbue."

Lakini alinisikia, maana usiku huo, na uliofuata, nilimsikia akigeuka kitandani, na kitanda chao cha chuma hakijui kuficha siri.

Ilibidi pawepo mahali pa kuiweka. Juu ya dari panya wangechokoza, nasi tungeruka kila mara. Uani watoto wa jirani walichimba kila kitu. Baba aliamua fotei. Ilikuwa kochi kubwa la watu watatu, lililotawala ukumbi wetu tangu nijue kusimama. Fremu yake alikuwa ameitengeneza mwenyewe kwa chuma cha karakana. Aliigeuza kichwa chini, akakata kitambaa cha chini, akaifunga bunduki kwa waya kwenye fremu, upande wa kushoto, akashona tena kwa sindano ya magunia. Mishono yake ilikuwa imepangana kama reli. Risasi alizitia katika mkebe wa maziwa ya unga, na hapo kukazuka ugomvi, kwa sababu mahali pa juu zaidi katika nyumba yetu ni kile kibao chenye sanamu ya Bikira.

"Hapa, hapana!" mama alisema, akinyoosha mikono mbele ya sanamu kama golikipa. "Yeye si askari yako."

Mkebe ukaenda nyuma ya kabati la vyombo. Kuanzia siku hiyo mama alitoa vyombo kwa ncha za vidole.

Nilitarajia baba atalala sasa. Ndicho alichonunua, usingizi. Badala yake aliacha kwenda misa pamoja nasi, maana lazima mtu abaki nyumbani. Aliacha kwenda Lukafu, na mahindi yalivunwa na nyani. Wageni wakija, alikaa yeye katikati ya fotei, akawaelekeza kwenye viti vya plastiki. Shangazi yangu mnene, dada yake baba, alipokuja na kujitupa upande wa kushoto kama alivyozoea, baba aliruka akasema springi zimekufa, atachomwa. "Springi zinichome mimi?" shangazi akasema. "Zitakufa mara ya pili." Lakini alihamishwa.

Jambo ambalo sikulitarajia ni jinsi tulivyoanza kuwaogopa watu wasiotuwazia mabaya. Gari la polisi likipita, tulinyamaza wote watatu, na Kaku akauliza kutoka nyuma, "Nani amekufa?" Jirani akiomba kuazima kiti, tulitazamana. Simu ya baba ikilia na namba asiyoijua, aliiacha ilie.

"Bunduki inatulinda, ao siye njo tunailinda?" mama aliuliza siku moja, akisonga bukari, ugali wetu, bila kuinua kichwa.

Baba hakukasirika. Wakati huo alikuwa ameshaanza kujuta, na najua kwa sababu alijaribu kuiondoa. Alimpigia yule muwindaji, akazungumza juu ya "ile mashini". Niliisikia sauti upande wa pili ikicheka. Kilichotoka hakirudi. Kuiuza kwa mwingine? Anayenunua bunduki bila kuuliza ni nani, kama si mwizi? Kuipeleka kwa wenye mamlaka? Ungeulizwa ulikoipata, na kwa nini ulikaa nayo, na swali la tatu ungelijibia ndani ya selo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsomea habari hizi kwenye simu, nikidhani namsaidia. Nilimwona akipungua kwenye kiti. Mtu aliyemaliza kazi yake yote bila doa angeweza kufungwa kwa sababu ya bomba ambalo hakuthubutu hata kulipiga.

Kwa hiyo ilibaki. Tukaishi hivyo, tukizunguka fotei kama watu wanaozunguka mgonjwa.

Kisha Kaku akafa.

Alikuwa amepelekwa hospitali na homa, baba akilala naye huko. Simu ilikuja asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Mama aliipokea, akasikiliza, akaiacha ianguke, akapiga ukelele. Kwetu ukelele huo hautafsiriwi. Kabla sijavaa viatu, wanawake wa avenyu walikuwa wameshaingia, wamemshika mama, wamemfunga kitenge kiunoni, wamemkalisha kwenye mkeka. Mke wa mfiwa akishakalishwa hivyo haondoki. Analia na wanaomlilia.

Nyuma ya wanawake wakaja vijana.

Lazima nieleze desturi hii, ingawa mtu wa Lubumbashi ataniona najisumbua. Kukiwa na kilio, ukumbi unatolewa vitu vyote: meza, viti, kabati, televisheni, hata picha za ukutani. Wanawake watalala mle chini, siku zote za kilio. Wanaume watakaa nje. Vijana wa avenyu ndio wanaotoa, na hawamwombi mtu ruhusa, kwa sababu siku hiyo nyumba si yako. Baba mwenyewe alikuwa amebeba samani za nusu ya avenyu katika ujana wake. Na bado, alipotafuta mahali salama pa kuficha bunduki, alichagua kitu ambacho avenyu nzima ina haki ya kukiinua. Nilijiuliza baadaye kwa nini hakuna kati yetu aliyefikiria hilo, hata mimi niliyejiona nafikiria kila kitu. Kaku alikuwa amezeeka kiasi kwamba hatukukumbuka kuwa angekufa.

Viti vya plastiki vilitoka. Meza ikatoka. Wanne wakashika fotei.

"Hiyo muiache," nilisema.

"Nini?"

"Muiache. Papa amesema bamungojee."

"Papa iko ku morgue," mmoja alisema kwa upole. "Tutamungojea na fotei mu mikono?"

Shangazi akatokea, macho mekundu, kitambaa kichwani kimeanguka upande. "Kuko nini?"

"Ba yaya hataki tutoe fotei," mmoja alijibu, akiniita mkubwa wake kwa heshima.

Shangazi alinitazama kuanzia miguuni. "Mama ya baba yako amekufa, na we unachunga fotei? Ba mama batalala fasi gani? Pa diplome yako?"

Wengine walicheka, kicheko kile cha msibani kinachotoka kwa haraka na kujificha. Nilikimbilia uani na simu.

"Papa, banatoa fotei."

Upande wa pili nilisikia magurudumu ya kitanda yakipita kwenye sakafu.

"Uwaambie..." alianza. Kisha akapumua. "Isianguke. Uwaambie tu isianguke."

Niliporudi ilikuwa mlangoni, na haikupita. Kumbe iliingia humo kabla mlango haujabadilishwa. "Iko nzito!" mmoja alilia. "Munaweka nini mule, mawe?" "Ni springi," nilisema. "Springi ya treni?" Wakaisimamisha wima. Kitambaa cha chini kikawa mbele ya macho yangu, na mishono ya baba mmoja baada ya mwingine, na ndani chuma kikagonga chuma. Kelele ndogo tu. Kijana aliyekuwa karibu akaweka sikio. Nikaanza kulia kwa sauti kubwa, nikimwita Kaku. Huzuni ilikuwa ya kweli, wakati wake niliuchagua mimi. Watu wakanishika, fotei ikapita.

Waliiweka chini ya turubai uani, mahali pa heshima, maana kilikuwa kiti kizuri kuliko vyote. Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa kwa niaba ya serikali, alipokuja kutoa pole, walimkalisha hapo, upande wa kushoto.

Baba aliingia muda mfupi baadaye. Wanaume walisimama. Alimwona shefu, akaona anachokalia, na nadhani ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini alishika nguzo ya turubai. Walimwahi, wakamketisha pembeni ya shefu. Hapo akabaki.

Ninaposema akabaki, nina maana alibaki. Ndugu kutoka kaskazini walifika, wale wa Kongolo, na mkubwa wao, binamu wa Kaku, mzee mwenye koti zito hata kwenye joto. Baba aliwapokea akiwa amekaa. Chakula kililetwa pale. Usiku wanaume walilala juu ya mikeka kuzunguka moto. Yeye alijinyoosha juu ya fotei. Mwanzoni walisema: amelemewa, ni mama yake. Halafu ikaja siku ya mazishi. Gari la kuchukua mwili lilikuwa linangojewa, watu wakaanza kusimama na kukung'uta nguo, na baba hakusimama.

"Tuende," mzee wa Kongolo alisema.

"Mutatangulia. Nitakuya nyuma."

Mikono iliyokuwa inakung'uta nguo ilisimama. Mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza juu ya mama yake. Asiyekwenda ana sababu, na kwetu sababu hiyo ina jina moja. Nilisikia wanawake wakinong'ona dirishani. Nani hawezi kuona kaburi la aliyekufa? Yule aliyemla.

Mzee wa Kongolo alitembea taratibu kuizunguka fotei. Aligonga sehemu ya mkono kwa fimbo yake. "Tangu tumefika," alisema, bila kumtazama baba, "huyu mutoto hajaachana na hii kiti. Mugeni anakuya, iko juu yake. Analala, iko juu yake. Kuko nini ndani?"

"Hakuna," baba alisema.

"Basi simama."

Shangazi akapiga magoti mbele ya kaka yake. Ukali wake wote ulikuwa umekwisha. "Yaya, bantu banasema umekalia dawa. Banasema mama hakufa bure. Simama, yaya. Unionee huruma."

Ndipo nikaelewa tulikofika. Akisimama, mzee angeigeuza fotei, na baba angekuwa mtu mwenye bunduki mbele ya shefu wa kartie. Asiposimama, angekuwa mchawi aliyeua mama yake, na jina hilo halina mahakama wala mwisho wa kifungo. Nimezoea kuwacheka wanaoamini mambo hayo. Uso wa baba ulikuwa wa kijivu, na siku hiyo sikucheka.

Nilikwenda nikakaa upande wa kulia wa fotei. Mwanamke kijana, kwenye kiti cha wanaume, siku ya mazishi. Mtu mmoja alisema, "Eh!"

"Papa, wende," nilimwambia. "Mimi nabakia hapa. Kichwa inaniuma, sitaweza makaburi." Nikainua sauti ili mzee asikie. "Kaku alikuwa ananikalisha hapa, kila siku. Njo fasi yake. Bataniacha nimulilie fasi yake."

Ilikuwa uongo nusu. Kaku alikaa humo kweli, kabla ya bunduki. Mzee alishusha fimbo yake. Kumwinua mjukuu anayelia mahali pa bibi yake ni jambo ambalo hata yeye hakuliweza mbele ya watu. Baba alisimama. Akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito wa fundi, akatoka lango bila kugeuka.

Hivyo sikumzika Kaku. Niliwasikia wakiondoka na nyimbo zao, zikififia kuelekea barabara kubwa, nikabaki chini ya turubai pamoja na wanawake waliopika. Mama Mwalimu alikuwa anasugua masufuria makubwa kwa majivu. Alipomaliza, alikuja akifuta mikono, akasimama mbele yangu. Nilijiandaa kwa maswali. Hakuuliza. Alikitazama kitambaa cha fotei, kisha vidole vyangu vilivyokuwa vimeshika ukingo kama mtu aliye kwenye lori.

"Mi pia nilikalia hivi," alisema.

"Wapi, mama?"

"Kunywa mayi, mutoto yangu." Akaniletea kikombe, akakaa karibu nami mpaka watu waliporudi. Alipokaa yeye, hakuna aliyeuliza kwa nini nami nimekaa.

Baba alirudi na udongo mwekundu kwenye kucha. Alikuwa ameutupa. Mzee wa Kongolo hakuzungumza tena juu ya kiti, lakini hakukikaribia pia, na alipoondoka alimpa baba mkono wa kushoto. Nadhani mpaka leo huko kaskazini kuna watu wanaosimulia habari ya mtu wa Lubumbashi na fotei yake.

Kilio kilipokwisha na vijana waliporudisha vitu ndani, baba alifunga mlango, akageuza fotei, akaikata mishono yake. Alifungulia redio kwa sauti ya juu, muziki wa kanisa. Akaibana ile bunduki kwenye meza ya uani, nyuma ya jiko, akachukua msumeno wa chuma. Ilimchukua mchana wote na kesho yake. Bomba lilikuwa laini, alisema, chuma kibovu. Pale kwenye kulehemu palivunjika penyewe, kabla msumeno haujafika katikati. Alikishika kipande hicho mkononi kwa muda.

"Unaona?" alisema. "Ingenipasukia."

Alikuwa anatabasamu. Vipande vilikwenda chooni, kimoja kimoja. Risasi mama alizipeleka mwenyewe, na hata leo hataki kusema wapi. Usiku ule nilisikia baba akikoroma, na mama akimwambia kwenye giza, "Sasa, ba bwana, utaanza tena kunisumbua na puwa yako."

Nilitaka simulizi iishie hapo. Lakini lile swali la kwanza halikuwa limejibiwa, na mimi sijui kuacha swali.

Miaka ilipita. Nilipata kazi katikati ya mji, nikahama avenyu. Mwalimu akafa, kwa ugonjwa wa kawaida wa watu waliosimama sana darasani. Nilikwenda kwenye kilio. Fotei yao ilikuwa nje chini ya turubai, mtoto amelala juu yake. Ndani, Mama Mwalimu alikuwa kwenye mkeka. Alinivuta mkono mpaka nikakaa, akaniegemea kama anayenong'ona sala.

"Uliniuliza siku ile," alisema. "Juu ya sufuria."

"Nakumbuka, mama."

"Sasa amekufa, naweza kusema. Baliingia, hawakuuliza telefone. Hawakuuliza kintu. Balisema tu: 'Mwalimu, leta ile bunduki.'" Alinyamaza, mtu mwingine alipoingia akilia, akampokea, akamlilia, akarudi sikioni mwangu. "Aliinunua ya kutulinda. Na mutu mwenye kumuuzisha, alisimama pale mu mulango. Tulimujua sauti."

Redio na simu waliongeza tu, wakitoka.

Sufuria Mama Mwalimu alikuwa nayo mkononi siku ile, pamoja na mwiko. Ni Mwalimu aliyemshika mkono asiipige, kwa sababu tungekuja, sote, na tungeiona bunduki.